Kusafisha kyutiko bila kumuumiza mteja: mwongozo kamili kwa anayejifunza manikyua

Wanafunzi wengi wa manikyua, yani kazi ya kutunza kucha za mikono, wakifika somo la kyutiko, ule utando wa ngozi unaopanda juu ya kucha, mkono unakimbilia nipa, ile koleo ndogo ya kukatia ngozi. Inaeleweka, kwenye video fupi ndo kipande kinachovutia, ngozi inatoka ukanda mzima kuzunguka kucha alafu unabaki mstari msafi unaong'aa, mtu unajisemea na mimi nataka mkono wangu ufanye vile. Ila kazi ya kyutiko kwa sehemu kubwa sio kukata kabisa. Ni kutambua kipi kimekufa na kipi kiko hai, kulainisha, kusukuma, kutoa kile kilichokwisha kujiachia chenyewe, na kingine chote kukiacha palepale kilipo. Ukilishika hilo mapema utapata wateja ambao vidole vyao haviumi kesho yake, na kwenye kazi yetu hiyo ndo sifa inayorudisha watu.

Nimefuata mpangilio wa kazi inavyoenda mezani. Soma ukiwa umeweka mkono wako kwenye mwanga, manake sehemu ya kwanza utaielewa zaidi kwa kuangalia kidole.

Kwanza jua unachokishika

Angalia gumba lako. Pale ngozi ya kidole inapoishia na kucha inapoanza kuna ukingo uliojikunja. Huo ukingo ni ngozi hai, ina damu na ina hisia, ukiukata unatoka damu na unauma. Darasani utausikia ukiitwa eponikiamu. Kyutiko yenyewe ni kitu kingine, ni utando mwembamba sana wa ngozi iliyokufa, mweupe au usio na rangi, unaotokea chini ya ule ukingo na kujibandika juu ya kucha, alafu kucha ikikua inaubeba kwenda nao mbele. Hauna damu wala hisia. Huo utando ndo tunaousafisha, basi.

Hivi viwili vinachanganywa kila siku, hata na mafundi wa muda mrefu, na hapo ndo majeraha mengi yanapoanzia, fundi anaamini anakata kyutiko kumbe anakata ukingo hai. Kipimo rahisi: kama kimelala juu ya kucha na ukikisukuma kinachanika au kinatoka unga mweupe, hicho kimekufa. Kama ukikisukuma kinarudi nyuma kizima kizima na mteja anahisi, hicho kiko hai, kiache.

Kwanini nasisitiza hivi? Kwasababu nyuma ya ukingo, milimita chache tu ndani ya kidole, kuna mzizi wa kucha, pale kucha inapotengenezwa. Ule mwezi mweupe unaouona hasa kwenye gumba ni sehemu ya mbele ya huo mzizi. Ukingo na kyutiko kwa pamoja vinaziba mwanya kati ya ngozi na kucha kama mpira wa bomba unavyozuia maji yasivuje, na ukishaukata mpira, bakteria, fangasi na kemikali zote za saluni zinapata njia ya kuingia. Bakteria anayeleta sana ule uvimbe wa pembeni mwa kucha, unaouma usiku na kutunga usaha, ambao wengine wanauita mdudu wa kidole, ni Staphylococcus aureus. Na huyu anaishi kwenye ngozi na ndani ya pua za watu wengi wazima kabisa, yani hasubiri saluni iwe chafu, anasubiri mlango tu. Kwa mteja ambaye mikono yake iko majini kutwa, mwanya ukifunguka uvimbe unaweza kukaa wiki nyingi ukienda na kurudi, na hapo mara nyingi utakuta fangasi wa aina ya Candida nae amejipenyeza.

Alafu kuna suala la kubonyeza. Ukikandamiza sana juu ya mzizi, kucha inayokuja inaweza kutoka na mifereji ya kukatiza upana. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwahiyo ulichobonyeza leo kitaonekana baada ya wiki kadhaa, wakati umeshasahau, na itachukua kama miezi 6 hadi kucha yote ibadilike. Ya mguu ni mwaka mpaka mwaka na nusu. Utakutana na watu wenye tabia ya kusukuma kyutiko ya gumba kwa kidole kingine wakiwa wamekaa tu, waangalie gumba lao katikati, utakuta mistari mingi ya kukatiza imepangana kuanzia chini mpaka juu. Ndo kazi ya kubonyeza kidogokidogo kila siku.

Madaktari wa ngozi, ikiwemo American Academy of Dermatology, wanashauri kyutiko zisikatwe. Mimi nakubaliana nao kwa ukingo hai moja kwa moja, hakuna mjadala. Kwa utando uliokufa, uondoe kwa kulainisha na kusukuma, na nipa ibaki kwa vile vipande ambavyo tayari vinaning'inia.

Vifaa, na usafi wake

Huhitaji vingi. Pusha (kifaa cha kusukumia kyutiko) moja ya chuma isiyo na makali ya kukwaruza, vijiti vya mbao, nipa yenye mdomo mdogo wa kama milimita 3 hadi 5 (kubwa inakuficha unachokata), rimuva ya kyutiko (dawa ya kulainisha utando), mafuta ya kucha, pamba au vitambaa visivyoacha manyoya, glavu, barakoa, spiriti ya asilimia 70, na taa nzuri. Taa wanafunzi wanaidharau sana. Utando uliokufa ni mwembamba kiasi kwamba kwenye mwanga hafifu hauonekani, kwahiyo mtu anaanza kukata kwa kukisia. Elekeza mwanga utokee ubavuni mwa kidole sio juu kabisa, utando utauona unang'aa tofauti na kucha.

Kwenye usafi nitakaa kidogo manake hapa ndo watu wanafupisha.

Kuna kuosha, kuna kuua vijidudu, na kuna kutakasa kabisa. Ni vitu vitatu na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kuosha ni sabuni, maji na brashi, unatoa mabaki ya ngozi na mafuta. Ukiruka hapa dawa haifiki kwenye chuma kwasababu uchafu umeikinga. Baada ya hapo unasuuza, unakausha, alafu unazamisha kifaa chote kwenye dawa ya kuua vijidudu, mpini na vyote, nipa ikiwa imefunguliwa mdomo. Muda ni ule ulioandikwa kwenye chupa, dawa nyingi za saluni ni dakika 10, na dakika 10 maana yake ni 10, sio kuchovya na kutoa kisa mteja mwingine ameshakaa. Dawa ikianza kuwa na ukungu au ikiisha muda wake badilisha. Kutakasa kabisa ni kazi ya otoklevu, mvuke wenye presha, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hadi 30 kutegemea mashine na kama vifaa vimefungwa kwenye pakiti. Ukiweza kufundishwa hiyo ukiwa bado shule fanya hima, inalipa. Yale maboksi yenye taa ya bluu hayatakasi nipa, mwanga haufiki kwenye bawaba wala kwenye kivuli, yachukulie kama kabati la kuhifadhia vifaa ambavyo tayari ni visafi.

Kama unadhani ni kutiana hofu tu, virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku 7. Damu yenyewe inaweza kuwa imeshakauka, huioni, na nipa inang'aa vizuri tu.

Kijiti cha mbao, pamba na bafa ya sponji (ile ya kusugulia kucha ziwe laini) ni vya mteja mmoja. Mbao inanyonya, haioshwi ikaisha. Mpe mteja aondoke navyo au tupa mbele yake, wengi wanaipenda hiyo.

Kabla hujagusa kidole

Osha mikono kwa sabuni angalau sekunde 20, mteja nae aoshe. Alafu muulize, kwa sauti ya kawaida tu isiwe kama polisi: ana kisukari? anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? yuko kwenye matibabu yanayoshusha kinga? ana aleji na chochote, mfano mafuta ya lozi kwa mtu mwenye aleji ya njugu za miti kama lozi na korosho? Akijibu ndio kwa kisukari, dawa za damu au kinga, wewe mwanafunzi nipa iweke pembeni kabisa kwa huyo mtu, fanya kulainisha na kusukuma kwa upole kwa kijiti, na mwambie mwalimu wako.

Alafu angalia vidole kimoja kimoja. Wekundu, uvimbe, joto, usaha, kidonda kibichi, chunjua, kucha iliyobadilika rangi na kunenepa au iliyoachia kwenye nyama, vyote hivyo unasimama. Sio kazi yako kumwambia ana ugonjwa gani. Sema hivi: "Dada, hapa naona kuna uvimbe, nikigusa naweza kukuumiza zaidi, nenda ukaonwe hospitali kwanza alafu ukipona tutafanya." Wateja wachache watanuna. Waache wanune.

Kazi yenyewe

Hatua ya 1, toa rangi ya zamani na fupisha kucha kwanza. Ukianza na kyutiko alafu ukapiga tupa, vumbi lote linaingia kwenye ngozi uliyoifungua sasa hivi.

Hatua ya 2, lainisha. Kuna njia ya maji na njia kavu. Ya maji ni kuloweka vidole dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya vuguvugu, inapendeza kwa mteja ila ina kasoro mbili: kucha inanyonya maji na kutanuka, ukipaka rangi au jeli (rangi inayokaushwa kwa taa) hapohapo baadae inasinyaa na rangi inaachia, na pia ngozi hai inavimba nayo inakuwa nyeupe, inafanana na iliyokufa. Kwa anayejifunza hiyo kasoro ya pili ni mbaya kweli. Ndo maana napendekeza anza na njia ya rimuva bila kuloweka.

Rimuva soma chupa yake. Nyingi zina potasiamu haidroksaidi au sodiamu haidroksaidi, hizi ni alkali kali, zinayeyusha protini ya ngozi iliyokufa, na ukizisahau zinaanza na iliyo hai. Paka tone dogo juu ya kucha, kwenye utando, sio kumwagia kidole kizima. Fanya vidole viwili vitatu kwa wakati mmoja sio kumi, manake ukipaka kumi, cha mwisho utakifikia muda wake ukiwa umepita zamani. Kama chupa imesema dakika moja basi moja. Mteja akisema inachoma, osha mara moja, usimwambie avumilie. Isikae kwenye ngozi iliyochanika na isikaribie macho.

Hatua ya 3, kusukuma. Hapa ndo penye ufundi, pafanyie mazoezi kuliko pengine popote.

Shika kidole cha mteja kwa gumba na kidole chako cha shahada, kitulie kabisa. Kidole chako kidogo au cha pete cha mkono unaofanya kazi kiegemee kwenye mkono wa mteja ili pusha ikiteleza isiende mbali. Pusha ilaze, iwe karibu kulala sambamba na kucha, usiisimamishe. Ukiisimamisha ile ncha inachimba kucha na inaacha mikwaruzo myeupe. Anza katikati, sukuma nyuma taratibu mpaka uhisi ukingo umekataa, simama hapohapo. Kule kukataa kidogo ndo mpaka wako. Usilazimishe kuingia chini ya ukingo kutafuta "usafi wa ndani", chini ya ukingo hakuna kinachokuhusu. Ukishatoka katikati nenda upande mmoja kwa mizunguko midogo alafu upande mwingine, na kwenye pembe punguza nguvu tena manake pale ngozi ni nyembamba na wateja wengi wanashtuka.

Nguvu kiasi gani? Jaribu kwenye kucha yako: kama ngozi inayozunguka inabadilika kuwa nyeupe kwa kubonyezwa umezidisha. Rimuva ikifanya kazi yake utando unajikusanya wenyewe kama unga au nyuzi laini. Kama haujikusanyi rudia rimuva kidogo, usiongeze nguvu.

Baada ya hapo futa ule utando kwa pamba au kijiti kilichozungushiwa pamba, kwa mizunguko midogo. Kwa vidole vingi kazi imeishia hapa. Kweli kabisa, utaangalia na kukuta hakuna cha kukata.

Hatua ya 4, osha rimuva. Sabuni na maji, brashi laini, suuza, kausha. Kufuta kwa kitambaa kikavu hakutoshi, alkali inabaki pembeni mwa kucha inaendelea kukausha ngozi, na rangi au jeli utakayopaka juu yake haitashika vizuri.

Hatua ya 5, nipa, kama inahitajika. Unakata vitu viwili tu: kipande cha utando uliokufa ambacho tayari kimeinuka kinaning'inia, na vile vingozi vya pembeni vilivyochomoza vinavyonasa kwenye nguo.

Shika nipa ukiwa umeilaza, mdomo wake uangalie pembeni sambamba na ukingo, usiuelekeze chini kwenye nyama. Tumia ncha tu. Bana, fungua, alafu ondoa mkono. Kosa la kila mwanafunzi ni kubana na kuvuta kabla nipa haijamaliza kukata, na ukivuta unachana kuelekea kwenye ngozi hai, hapo ndo damu inatoka. Kingozi kilichochomoza kata karibu na shina lake, usikifuate ndani. Kama unaona unahitaji kukata ukanda mzima kuzunguka kucha basi jua umeshaingia kwenye ukingo hai, weka nipa chini. Ukanda ule ukikatwa unapona kwa kukakamaa na kuchanikachanika, mteja anaona ngozi imezidi kuwa mbaya, anarudi ukate tena, na ndivyo watu wanavyozunguka miaka. Ukimpata mteja wa hivyo muelezee kwamba wiki za mwanzo bila kukata pataonekana hapajanyooka, mpe mafuta, na umwombe avumilie.

Nipa butu ni hatari kuliko kali, kwasababu inatafuna badala ya kukata. Usiinoe mwenyewe, mpelekee anayenoa vifaa vya saluni.

Na mashine ya drili? Najua ndo inayotamaniwa, hasa ule mtindo wa Kirusi unaofanywa mkavu bila maji. Subiri kwanza. Biti, ile ncha ya almasi inayozunguka, ikikaa sehemu moja sekunde moja zaidi inachoma kucha, na kwenye ukingo inafungua ngozi pande zote bila wewe kuona damu yoyote. Ukifika muda wake anza na spidi ya chini, biti laini, kwenye mkono wa bandia, alafu kwenye kucha zako, ukiwa na mwalimu pembeni, ngozi ikiwa kavu kabisa, na mkono usisimame.

Ikitoka damu

Inatokea, usiifiche na usianze kuomba radhi dakika tano huku damu inatoka. Simamisha kazi. Vaa glavu kama hukuvaa. Bonyeza kwa pamba safi mpaka iache, osha kwa maji na sabuni, paka dawa ya kusafisha kidonda, funga plasta. Pamba na kijiti kwenye mfuko uliofungwa kisha takataka, nipa inatoka mezani inaenda kuoshwa na kuzamishwa, haigusi kidole kingine hata cha mteja huyohuyo. Futa meza kwa dawa. Kidole hicho hakipakwi jeli wala akriliki (ya kucha za bandia) siku hiyo, kemikali za jeli zikiingia kwenye ngozi iliyofunguka zinaweza kumwanzishia aleji, na aleji ya jeli ikishaanza mara nyingi haiondoki. Mweleze mteja aangalie kidole siku zinazofuata, kikivimba, kikiwa chekundu, kikipwita au kikitoa usaha aende hospitali asisubiri.

Mafuta, na ratiba ya mazoezi

Maliza kwa tone la mafuta kila kucha, jojoba ni zuri, la nazi pia linafaa, ila kama unapaka rangi yaweke baada ya rangi kukauka. Mteja akipaka nyumbani asubuhi na usiku ngozi inabaki laini, na zile kazi za nipa zinapungua zenyewe. Muda mzuri wa kurudia kusafisha kyutiko ni kila wiki 2 hadi 4 ukifuata kasi ya kucha zake, kila wiki ni nyingi mno.

Kwa mazoezi ningekupangia hivi. Wiki za mwanzo usiguse nipa, tafuta watu wa kila aina, mwenye kucha kavu, anayeng'ata kucha, mzee, mwenye ngozi nene, na kila kidole sema kwa sauti "hiki kimekufa, hiki hai" kabla ya kukigusa, mwalimu akusahihishe. Alafu sukuma kwa kijiti cha mbao, kina upole, kabla ya pusha ya chuma. Nipa anzia kwenye karatasi, chora mstari na kata kwa ncha vipande vidogo bila kuvuka mstari na bila kuvuta, mpaka mkono uzoee kufungua kabla ya kuondoka. Piga picha kila kidole kabla, baada, na ukiweza mwombe mtu akutumie picha siku mbili baadae. Hiyo picha ya siku mbili ndo ikague kwa makini: ukiona wekundu pembezoni au ukingo umekakamaa, rudi hatua ya 3 upunguze nguvu.